Mtoto Aliyepokelewa Ghala Kuu

Jina la nchi yenyewe halitatajwa hapa, na msomaji asidhani ni woga. Jina limetunzwa. Limo ndani ya kisanduku cha mahameli katika Ghala Kuu, na hutolewa siku ya Kilele cha sherehe za taifa peke yake, Rais akalitamka kwa sauti ya chini, wananchi wakapiga makofi, likarudishwa kabla halijashika vumbi. Siku nyingine zote watu husema "hapa kwetu", na wanaelewana vizuri tu.

Kama ulikulia kwenye nyumba yenye kabati la vioo sebuleni, utaielewa serikali ya hapa kwetu bila kufundishwa. Unalikumbuka lile kabati: glasi zenye mstari wa dhahabu, birika lenye maua, sahani ambazo hazijawahi kuona wali. Za mgeni. Nyinyi watoto mnakunywa chai kwenye vikombe vya plastiki vilivyong'atwa ukingo, mama anafuta vumbi kabatini kila Jumamosi, na mgeni mwenyewe akija anasema ameshiba. Basi waasisi wa hapa kwetu walikulia kwenye nyumba za namna hiyo, wakaziona ni nzuri, na siku walipokabidhiwa nchi wakaifanya yote kabati. Wakaunda Wizara ya Utunzaji, wakaipa jengo refu kuliko mengine, na juu ya lango wakachonga: KISIGUSWE, KISICHAKAE.

Mafanikio yalionekana mapema. Daraja la mto mkubwa limefungwa nailoni kuanzia ng'ambo hii hadi ng'ambo ile. Wananchi huvuka chini yake, suruali zimekunjwa, viatu mkononi, na wakifika katikati ya maji huinua macho wakalisifu. Gari la zimamoto lina hema lake, na hema lina mlinzi. Soko lilipoungua, gari halikupata hata doa la moshi, na mlinzi akavishwa nishani. Katiba ipo, mpya kabisa, kurasa zake bado zimegandana. Na kura, Mungu awape nini wapiga kura wa hapa kwetu, hutunzwa kuliko dhahabu. Hazihesabiwi, maana kuhesabu kura ni kuzishikashika.

Katika wizara hiyo ndimo alimoajiriwa Yusta.

Yusta alikuwa ametoka chuo kikuu na moyo wake ukiwa bado laini kama mkate wa asubuhi. Aliamini wizara. Aliamini hata kauli mbiu. Siku ya kwanza kazini alipoombwa shahada yake akaitoa kwa mikono miwili, na ofisa akaifunga nailoni, akaipeleka ghalani.

"Na mimi nitabaki na nini?" aliuliza, kwa heshima.

"Utabaki na elimu yenyewe," alijibu ofisa. "Ila na hiyo usiitumie ovyo, binti."

Alipangiwa Ghala Kuu chini ya Mzee Mtandika, mtu mwembamba, msafi, aliyevaa glavu nyeupe hata anapokula ugali. Mzee Mtandika alikuwa ametunza vitu maisha yake yote ya kazi na hakuwahi kuiba hata kijiko. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu hapa kwetu ni habari kubwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umenawa?"

"Nimenawa."

"Nawa tena."

Kazi yenyewe ilikuwa kufuta vumbi. Si vumbi la kwenye vitu, maana vitu havikuguswa. Vumbi la juu ya nailoni. Yusta alifuta madawati ya shule, yamepangwa hadi darini. Alifuta pampu za visima. Alifuta kile kisanduku cha mahameli, na siku moja kifuniko kiliteleza kidogo, akalisoma jina la nchi yake kwa mara ya kwanza katika maisha yake akiwa peke yake. Likamkaa kifuani siku nzima kama amemeza kaa la moto. Akafunga kifuniko, akaendelea na kazi.

Lakini kitu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kwenye kona ya mashariki: mashine ya joto ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati. Kisanduku cha kioo chenye godoro dogo, matundu ya kuingizia mikono na taa ndogo pembeni. Ilikuwa zawadi kutoka nchi ya mbali. Ilipofika ilipelekwa hospitali ya mkoa, ikapigwa picha pamoja na Waziri, ikarudi ghalani na riboni yake.

"Mzee, hii inamsubiri nani?"

"Mgeni."

"Mgeni gani anaingia humu?"

Mzee Mtandika alifikiri. Swali halikuwahi kumpitia kichwani. "Mgeni mdogo," akasema hatimaye, "wa hadhi."

*

Yusta alikuwa na dada yake, Koleta, mshona nguo, mwenye mdomo mkali kama mkasi wake. Mume wake alikuwa migodini, anarudi akikumbuka. Mimba ya Koleta ilikuwa haijatimiza miezi yake pale uchungu ulipomshika akiwa kwenye cherehani, na alipofikishwa hospitali ya mkoa alijifungua mtoto wa kike mdogo kiasi kwamba muuguzi, Sista Paskalina, alimbeba kwa kiganja.

Yusta alifika mbio. Akamkuta dada yake amekaa kitandani, mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, mablanketi juu, chupa za maji ya moto pembeni, na jiko la mkaa mlangoni likitia wodi moshi kuliko joto.

"Usimwangalie hivyo," alisema Koleta. "Atadhani ana tatizo."

"Dada, mbona ana baridi?"

"Kwa sababu nchi yake ina mashine na yeye hana. Muulize Sista."

Sista Paskalina alikuwa akibadilisha maji ya chupa. "Kifua cha mama kinafanya kazi nzuri, sikatai. Lakini huyu ni mdogo mno, na mama mwenyewe ana homa. Anahitaji joto lisilopanda wala kushuka. Mashine ilikuja hapa, nikaiona kwa macho yangu. Mimi ndiye niliyeshika mkasi wa riboni. Nilipogeuka kuchomeka waya ukutani, ikawa imeshapakiwa kwenye gari."

Yusta aliona aibu ikimpanda hadi masikioni. Mashine ile alikuwa ameifuta asubuhi ile ile, na alikuwa akiimba.

"Nitaileta," alisema.

"Wewe?" Koleta alicheka kidogo, akaacha kwa sababu kucheka kulimtikisa mtoto. "Mdogo wangu, hata shahada yako huwezi kuitoa mle."

*

Kutoa kitu Ghala Kuu ni jambo linalowezekana kabisa. Halijawahi kutokea, lakini linawezekana. Yusta alianza na Idara ya Utoaji, akamkuta mkuu wa idara ametunzwa: alikuwa amekaa nyuma ya kioo, na mlangoni kuna kamba nyekundu. Akaelekezwa Kamati ya Kupunguza Haraka. Kamati ikamsikiliza kwa uchungu mkubwa. Mjumbe mmoja alilia kabisa, kwa leso iliyokuwa bado na lebo ya dukani. Kisha mwenyekiti akasema:

"Binti, fikiria mbali. Tukimpa mtoto huyu, kesho atazaliwa mwingine. Na mwingine. Mashine itachakaa kwa watoto. Halafu akija mtoto anayeihitaji kweli, tutampa nini?"

Yusta alirudi ghalani, akasimama mbele ya mashine, machozi yakimdondoka juu ya nailoni. Mzee Mtandika akaja haraka na kitambaa, akafuta machozi. Ya kwenye nailoni.

"Mzee," alisema Yusta, "kuna kitu wizara imewahi kukataa kukipokea?"

Mzee Mtandika alijinyoosha. Lilikuwa swali lililomgusa mahali pa fahari. "Kamwe. Tukikataa kukitunza kitu tutakuwa tumesema wananchi wanaweza kukitunza wenyewe. Na wakishaanza wenyewe, sisi tutakuwa nani?"

"Na kila kinachopokelewa kinawekwa mahali pake?"

"Suti sandukuni, sahani kabatini, petroli kwenye pipa. Ndiyo utunzaji huo."

"Nakuja," alisema Yusta, akavua glavu akakimbia.

Alirudi mchana huo huo na Koleta na Sista Paskalina, na ndani ya khanga mbili mtoto. Wakasimama kwenye dirisha la Mapokezi ya Amana. Yusta akazunguka akaingia ndani, akavaa glavu, akauliza kwa sauti ya kazi:

"Mnaleta nini?"

"Mtoto," alisema Koleta. "Mpya. Hajatumika."

Mzee Mtandika alisogea, akachungulia ndani ya khanga. Mtoto alipiga mwayo mdogo usio na sauti. Kwa kitambo mzee alionekana kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda.

"Ana thamani?" aliuliza.

"Hana wa pili," alijibu Koleta.

"Basi atapokelewa." Akakohoa. "Na mahali pake ni wapi? Yusta, mtoto wa namna hii anatunzwa kwenye nini?"

Yusta alitazama tu kona ya mashariki. Mzee Mtandika naye akatazama, akaelewa, na damu ikamwisha usoni. Lakini alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni ilikuwa yake mwenyewe. Akaenda, akashika nailoni ya mashine, akaichana polepole huku amefumba macho. Umeme wa ghala haujawahi kukatika, unalindwa. Taa ndogo ikawaka.

"Ieleweke," alisema kwa sauti inayotetemeka, "mashine haitumiki. Inatunza."

Likabaki suala la maziwa. Hakuna kifungu kinachoruhusu mtu kuingia ghalani na maziwa. Sista Paskalina ndiye aliyelitatua. "Mzee, hapo kuna televisheni. Na kando yake nini?"

"Rimoti yake."

"Mnaitenga?"

"Mtu mwenye akili atatenga rimoti na televisheni?"

Koleta akapewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni kilichoandikwa KIAMBATA. Akawa anaingia na kutoka, na walinzi walimpigia saluti kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona mtu mwenye cheo hicho.

*

Mtoto akanenepa. Shingo ikaonekana, mashavu yakaja, ngozi ikajaa. Mzee Mtandika alianza kufika kazini mapema na kuondoka kwa kuchelewa. Ikasemekana alionekana akiingiza kidole kimoja kwenye tundu la mashine, na mtoto akakishika, na kidole hakikuwa na glavu. Alikanusha.

Siku Sista Paskalina alipompima akasema amevuka, yupo salama, sasa ni wa nyumbani, Koleta alikuja na blanketi alilolishona mwenyewe, la manjano.

"Nimekuja kumchukua mwanangu."

Mzee Mtandika alitazama sakafu. "Mama Kiambata. Amana si huwa hazitoki?"

Koleta alicheka, akidhani ni utani. Halafu akamtazama Yusta, na Yusta akainamia glavu zake. Alikuwa amefikiria kila kitu cha kuingia. Cha kutoka hakukifikiria.

"Yusta," alisema Koleta taratibu. "Mwanangu umemweka rehani?"

"Dada, nilitaka apone."

"Amepona! Haya. Ndiyo naomba nimpeleke akaugue mafua nyumbani kama watoto wa wenzangu!"

Habari zilikuwa zimeshafika juu. Waziri wa Utunzaji, Mheshimiwa Polikarpo Ng'ombo, alitangaza redioni kwamba hapa kwetu pamepatikana Raia wa Mfano. "Tunao raia wengi," alisema, "lakini wote, kwa masikitiko, wametumika. Huyu bado. Hatapelekwa shule ikamchosha macho. Hatapelekwa shambani likamchubua mikono. Hataolewa, hatahangaika, hatapiga kura. Siku ya Kilele nitamwonyesha kwa mgeni wetu, balozi wa nchi iliyotupa mashine, na baada ya hapo atahamishiwa kabati la vioo, Ikulu, chumba cha mbele." Kiambata, akaongeza, kitarudishwa kwa wananchi, kwa kuwa kabatini hamna haja ya maziwa ya mama, utaalamu wa maziwa ya unga umeendelea.

Koleta alisikiliza taarifa hiyo akiwa amekaa sakafuni ghalani, mgongo kwenye mashine. Hakupiga kelele. Yusta angependa apige.

"Nilidhani mnatunza," alisema tu.

Yusta alinyanyuka akaenda kunawa uso. Juu ya sinki, ukutani, palikuwa na kanuni za ghala zilizopakwa rangi herufi kubwa, kanuni anazozipita kila siku kama mtu anavyopita picha ya harusi ya watu wengine. Ya mwisho ilisema: KILICHOCHAKAA, KINACHOVUJA AU KUNUKA SI AMANA TENA. KITUPWE NJE KWA WANANCHI, PAMOJA NA VYOTE KILIVYOVICHAFUA.

Aliisoma, maji yakimchuruzika kidevuni. Kisha akarudi mbio.

"Dada," alinong'ona, "siku ya Kilele mnyonyeshe. Mnyonyeshe mpaka akatae. Halafu nepi tusimfunge."

*

Siku ya Kilele ghala lilipambwa. Waziri alivaa Suti ya Taifa, nyeusi, lebo mkononi, iliyokuwa imevaliwa na mawaziri wote waliomtangulia bila kukaa nayo chini hata mara moja. Balozi alikaa kwenye sofa lililofunikwa nailoni, na kila akijisogeza lilipiga kelele za aibu, akaamua kutojisogeza. Rais alitoa jina kwenye kisanduku, akalitamka, likarudishwa. Makofi.

Kisha Waziri akamchukua mtoto, aliyefunikwa kwa blanketi la manjano, akamwinua juu kama kombe.

"Mheshimiwa Balozi! Ndugu wananchi mlioko nje ya uzio! Mtazameni! Hana mkwaruzo! Wapinzani wetu wanasema serikali haiwajali raia. Nauliza: raia huyu anakosa nini? Ana joto! Ana ulinzi! Ana kimya! Je, yuko mtoto yeyote mitaani kwenu ambaye..."

Hapo akanyamaza. Uso wake ulibaki na tabasamu la hotuba, lakini macho yakaanza kutafuta msaada. Kutoka chini ya blanketi, kitu cha vuguvugu kilikuwa kikishuka kwenye mkono wa Suti ya Taifa, kikapita juu ya lebo, kikaingia mfukoni. Mtoto akashusha pumzi ya raha. Halafu, kwa kuwa alikuwa amenyonya mpaka akakataa na sasa anatikiswa na hotuba, akacheua. Maziwa yalitua kwenye ukosi.

"Anavuja," alisema mtu nje ya uzio, kwa sauti wazi.

"Havuji!" alifoka Waziri. "Hili ni jasho! Ni jasho la uzalendo!"

"Na ananuka!" akapaza mwingine, na kicheko kikaanza kwenye uzio kikazunguka ghala zima.

Waziri akageuka. "Mtandika! Waambie! Wewe ni mtaalamu!"

Mzee Mtandika alisogea mbele na glavu zake nyeupe. Alimtazama mtoto. Akamtazama Koleta, aliyesimama na kile kitambulisho shingoni, mikono imeshajinyoosha bila mwenyewe kujua. Akamtazama Yusta, na Yusta akajua kwamba mzee alishajua, pengine tangu asubuhi, aliponyang'anywa nepi mkononi akaambiwa leo hapana.

"Kanuni ya mwisho, Mheshimiwa," alisema Mzee Mtandika, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Anavuja. Si amana tena. Atupwe nje kwa wananchi, pamoja na vyote alivyovichafua." Akavuta pumzi. "Blanketi. Mashine ya joto, maana humo alivuja jana, nilishuhudia. Na suti."

"Suti?"

"Vyote, Mheshimiwa."

Mbele ya Balozi na Rais, na kwa taratibu zote za kiitifaki, Waziri wa Utunzaji akavuliwa suti. Ndani alikuwa amevaa fulana yenye matobo kama ya mtu yeyote. Balozi, akitaka kuwa muungwana, alipiga makofi.

Jalala la Ghala Kuu liko nyuma, ng'ambo ya uzio, na ndiko wananchi wa hapa kwetu hupatia karibu kila kitu walicho nacho. Koleta alikuwa wa kwanza kufika. Alimpokea mwanawe kutoka mikononi mwa mlinzi, akamnusa shingoni, akakaa chini palepale kwenye takataka na kumnyonyesha, akiitukana serikali kwa sauti ya kubembeleza. Sista Paskalina alifika na mkokoteni na wasukumaji wa hospitali. Mashine ikapakiwa. Safari hii alitangulia kushika waya, akauzungusha mkononi, kwa kutoiamini tena wizara.

*

Yusta hakufukuzwa. Kumfukuza kungekuwa kukiri kwamba kuna jambo limetokea. Jumatatu alirudi kazini, akasalimia, na Mzee Mtandika akamuuliza kama amenawa.

"Sijanawa," alisema Yusta.

Mzee akageuza mgongo, akaanza kupanga vitambaa ambavyo vilikuwa vimepangwa. Yusta akaenda kwenye madawati ya shule, akavua glavu, akaweka kiganja kizima juu ya la kwanza.

Na mtoto? Alikuwa bado hana jina. Watu walipendekeza Neema, wakapendekeza Bahati. Koleta akamwambia mdogo wake, wewe ndiye uliyemwingiza na ndiye uliyemtoa, mpe wewe. Yusta akainama, akamnong'oneza dada yake sikioni lile jina lililomkaa kifuani tangu siku ile ya kisanduku cha mahameli. Koleta akatoa macho. Akalirudia kimoyomoyo. Akasema, "Linamfaa."

Tangu hapo huitwa kutwa nzima pale mtaani. Njoo ule. Acha mchanga. Nani kamliza? Shuka juu ya cherehani, nitakuchapa. Jina likaanza kupata uji, na matope, na makamasi.

Siku moja askari alipita akalisikia. Akasimama, akashika mkanda wake.

"Mama! Unatumia jina hilo bila sherehe?"

"Namwita mwanangu," alisema Koleta, sindano mdomoni. "Ana miguu sasa, anapotea. Wewe ukipotelewa na mtoto unaitaje?"

Mtoto alikuwa ameshafika kwenye buti la askari, ameshika kamba, anavuta. Askari aliangalia kushoto na kulia. Alikuwa ameilinda nchi ile tangu ujana wake na hakuwahi kuwa na jina lake mdomoni. Akachuchumaa. Akalisema, taratibu, kama mtu anayeonja kitu cha moto.

Mtoto akainua uso, akaitika.